Kinga Haiongezwi kwa Kijiko

Mgonjwa akilazwa kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, ndugu huuliza swali lile lile: tumpe nini cha kuongeza kinga ili dawa ishike haraka? Mkononi wana unga wa mlonge uliochanganywa na habasoda, au chupa ya matone yaliyoandikwa "nano" waliyouziwa stendi. Swali lenyewe limekosewa, na muda unaopotea kwenye vichupa hivyo ni muda wa mgonjwa. Linachukulia kinga ya mwili kama maji ya ndoo, kwamba yakipungua unajazia. Kinga ni kazi ya chembe za aina nyingi, na baadhi yake zipo kwa ajili ya kuzituliza nyingine. Kinachoponya ni kinga kuitikia mahali panapostahili, kwa kiasi, na kwa wakati wake.

Ushahidi upo, tena wa kutisha. Mwaka 2006, jijini London, wanaume sita wenye afya njema walipewa TGN1412, dawa ya majaribio iliyotengenezwa kuamsha chembe T za kinga. Ziliamka, zikawasha moto mwili mzima, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vikifeli. Karibu zaidi na hapa, utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia watu 177 wenye VVU na ugonjwa huu huu wa fangasi. Walioanzishiwa ARV ndani ya wiki moja hadi mbili, asilimia 45 walikuwa wamefariki kufikia wiki ya 26. Waliosubiri takriban wiki tano, walifariki asilimia 30. ARV ndiyo njia ya kweli ya kurudisha kinga kwa mtu mwenye VVU, na hata hiyo, ikiwahi mno wakati ubongo bado umejaa fangasi, inaongeza vifo. Basi anayekuuzia unga wa kuamsha kinga usiku huo huo wa kulazwa anakuahidi nini hasa? Bahati ni kwamba mlonge hauna nguvu hiyo. Ni mboga nzuri, na iliwe kama mboga.

Zile chupa za "nano" zinastahili jibu lake. Wauzaji hudai kwamba chembe ndogo hupenya popote na kuipa kinga nguvu. Dawa halisi za nano zinaonyesha kinyume. Amfoterisini B ya kawaida huua fangasi lakini huumiza figo na kupunguza damu, kwa hiyo ikafungashwa ndani ya liposomu, vifuko vya mafuta visivyofika upana wa nanomita 100. Chembe kama hizo zikiingia mshipani, protini za damu huzigandia, na makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza vitu vigeni, huzidaka hasa kwenye ini na bandama. Kinga hiyo hiyo ndiyo kikwazo kikubwa cha dawa za nano za saratani: mapitio ya tafiti za wanyama yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba, kwa kawaida, kinachofika kwenye uvimbe hakifiki asilimia 1 ya kilichochomwa. Kwa ugonjwa wa kala-azar wa Turkana, Pokot Magharibi na Karamoja, kumezwa huko ndiko kunakosaidia, kwa sababu vimelea vyake huishi ndani ya makrofaji zenyewe. Kwa kriptokokasi, liposomu huishikilia dawa mpaka ikutane na fangasi, ndiyo maana kipimo kikubwa kinaweza kutolewa mara moja tu. Katika utafiti wa AMBITION wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, vifo katika wiki kumi vilikuwa asilimia 24.8 kwa waliopewa dozi hiyo moja pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli, na 28.7 kwa waliotibiwa kwa amfoterisini B ya kawaida, tena madhara makali yalipungua.

Wapo watakaosema chanjo nazo huongeza kinga. Hapana, chanjo huifundisha kinga kumtambua adui mmoja anayejulikana. Wengine watasema cha asili hakidhuru. Mgonjwa huyu anameza flukonazoli nyingi, dawa inayolielemea ini na kubadili jinsi linavyochuja dawa nyingine, na unga usiojulikana una nini ndani unaliongezea mzigo.

Cha kufanya ni hiki. Mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100, na ikiwezekana chini ya 200, apimwe CrAg, kipimo cha damu kinachotafuta kriptokokasi, hata kama kichwa hakimuumi. Akiugua, kubalini atolewe maji ya uti wa mgongo: yanathibitisha ugonjwa na kushusha shinikizo linaloua. Ulizeni kama dozi moja ya liposomu ipo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Isipokuwepo, amfoterisini B ya kawaida kwa wiki moja pamoja na flusitosini bado inaokoa. ARV zianze wiki ya nne hadi ya sita, na anayezitumia tayari asiziache bila daktari. Flukonazoli iendelee kwa miezi, hata akijisikia mzima. Na kila unga uliokwisha kunywewa, utajeni.