ZEBAKI: ADUI ASIYEONEKANA MAJINI

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: si maji yote maangavu yaliyo salama.

Kule Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki kwenye karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, kisha tonge hilo huchomwa. Nyingine hupaa kama moshi, nyingine humwagika ikafuata maji hadi mtoni. Huko matopeni, vijidudu huigeuza iwe sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwetu. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1956, taka za kiwanda ziliwaua na kuwalemaza walaji samaki, hata watoto waliokuwa tumboni.

Je, tutamjuaje adui huyu? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba zebaki katika lita moja ya maji ya kunywa isizidi maikrogramu 6. Yaani gawa gramu moja mafungu milioni, uchukue sita tu! Mashine za kupima kiasi hicho ni ghali na hukaa maabara. Ndipo wanakemia wakabuni vitambuzi vinavyong'ara.

Umewahi kuona mwenye duka akimulika noti kwa ile taa ya zambarau? Alama zilizofichika huwaka ghafla. Kitambuzi nacho ni vivyo hivyo. Taabu ni kwamba zebaki ina tabia ya kuzima mng'ao badala ya kuuwasha. Basi mwaka 2005, wanakemia wa Korea Kusini walichukua rangi iitwayo rodamini, wakaifunga molekuli yake kama mlango, na kwenye kufuli wakatia salfa. Ikifungwa, haina rangi. Zebaki nayo huipenda salfa ajabu: ikifika tu, huing'oa, kufuli likafunguka, maji yakawa ya waridi na kung'ara. Zebaki ikizidi, mng'ao nao unazidi. Ila kila molekuli hutumika mara moja tu, sawa na njiti ya kiberiti.

Tusijidanganye lakini. Kitambuzi hakisafishi maji. Kazi yake ni kututahadharisha. Kuiacha zebaki ni juu yetu wenyewe. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo!