Macho Hayana Pazia, Lakini Je, Kamera?

Kila jioni barabara ya Kampene hujaa watu. Akina mama warudi kutoka shambani, vikapu mgongoni. Wanafunzi wapita na madaftari yao. Wachimbaji wa dhahabu watoka mashimoni, miguu imejaa udongo. Mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake huwaona wote; huwaamkia, nao humwitikia. Hakuna amwulizaye, “Kwa nini umenitazama?” Wazee wetu walikwisha kusema: Macho hayana pazia. Barabara ni ya wote, na apitaye barabarani amekubali kuonwa.

Lakini siku hizi limekuja jicho jingine. Ni dogo kama kizibo cha chupa, hubandikwa juu ya mlango au chini ya paa, halilali usiku wala halipepesi. Madukani na katika nyumba za wenye mali mijini kamera hizi zimekwisha kuzoeleka. Hata palipo mbali na nguzo za umeme, umeme wa jua watosha kuziendesha. Nazo simu za mkononi karibu zote zinayo kamera ndani yake. Basi yafaa tujiulize mapema, kabla ya ugomvi kuingia mitaani: je, jirani aweza kupiga picha za barabara mchana na usiku, na kuziweka, kwa sababu tu barabara ni ya wote?

Kwanza tutambue tofauti iliyopo kati ya jicho la mtu na jicho la chombo. Mzee wa barazani akikutazama, nawe wamwona. Ukipenda wasimama na kumwambia uendako, usipopenda wapita. Kesho atakuwa amesahau saa uliyopita na nguo uliyovaa. Kamera haisahau. Huandika siku, saa na dakika. Huonyesha aliyopiga leo kwa mtu ambaye hakuwapo, labda aliye Kinshasa au ng'ambo, naye aweza kuyatazama mara mia. Tena yule anayetazamwa hajui ni nani amtazamaye. Hapo ndipo shida ilipo. Kuonwa ni jambo moja. Kuandikwa kila siku katika kitabu cha mtu mwingine ni jambo jingine.

Hata hivyo tusimhukumu haraka jirani aliyebandika kamera. Mara nyingi anayo sababu ya kweli. Tumfikirie mtu wa Kampene ambaye kazi yake ni kununua dhahabu. Usiku akisikia kishindo mlangoni, amwite nani? Polisi hawako karibu sikuzote, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wa namna hii akitafuta kitu cha kumlinda yeye na watoto wake, hatutamwita mbaya.

Jambo hili lilifika mbele ya mahakimu huko Ulaya, na habari yake yafaa ijulikane. Katika nchi ya Ucheki palikuwa na mtu mmoja ambaye watu wasiojulikana walimsumbua kwa miaka kadhaa na kumvunjia madirisha.  Mwezi wa Oktoba 2007 akachoka kabisa, akaweka kamera chini ya paa la nyumba yake. Kamera ile iliona mlango wake, tena iliona njia ya watu wote na mlango wa nyumba iliyokuwa upande wa pili. Baada ya siku moja au mbili tu, usiku, dirisha likavunjwa tena kwa kombeo. Kwa zile picha watu wawili walioshukiwa wakajulikana. Lakini mmoja wao akanung'unika, akisema kwamba alipigwa picha akiwa katika njia ya watu wote bila idhini yake. Kesi ikapanda hata Mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, nayo ikatoa hukumu tarehe 11 Desemba 2014.

Mahakimu walisemaje? Walisema kwamba kamera inayoitazama njia ya watu wote si tena jambo la nyumbani tu. Mwenye kamera ametoka nje ya ua wake, hivyo sheria ya kulinda habari za watu yamhusu. Lakini mahakimu hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba sheria ile ile yaweza kumpa mtu nafasi ya kulinda mali yake, afya yake na maisha yake na ya jamaa yake. Kwa maneno mengine: una haki ya kujilinda, ila apitaye njiani naye ana haki yake, na haki hizi mbili lazima zipimwe pamoja.

Miaka saba baadaye, Oktoba 2021, hakimu mmoja wa mji wa Oxford, Uingereza, aliamua kesi ya majirani wawili. Mwanamume mmoja alikuwa amebandika kamera kadhaa nyumbani kwake, na moja ilikuwa ndani ya kengele ya mlango. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Jirani yake, mwanamke, alilalamika kwamba vyombo vile vilimfuata aingiapo na atokapo. Hakimu aliona kwamba sheria imevunjwa. Jambo lililomchukiza zaidi lilikuwa sauti: vyombo vile viliweza kunasa maneno ya watu waliokuwa mbali na nyumba ya mwenyewe. Yatufaa kulikumbuka jambo hili, maana wengi wetu hufikiri kwamba kamera ina macho tu, kumbe mara nyingi inayo na masikio.

Msomaji atasema, “Hayo ni mambo ya Wazungu.” La, yamekwisha kufika kwetu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Uganda mwaka ule ule. Tanzania ikafuata mwaka 2022. Septemba 2023 ofisi ya Kenya inayosimamia sheria hiyo ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa sababu ilitangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Siku zile zile mahali pamoja pa starehe jijini Nairobi palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja ambaye hakuombwa idhini. Nchini kwetu Kongo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu cha 31 kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya faragha. Tena sheria kuu ya mambo ya kidijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inayo sehemu nzima ya kulinda habari za watu binafsi.

Wengine hujibu, “Asiye na kosa aogope nini?” Neno hili lasikika kuwa jema, lakini si la kweli. Mgonjwa aendaye kupimwa ugonjwa asiotaka utajwe hana kosa. Baba aendaye usiku kukopa fedha za karo hana kosa. Msichana arudiye kwao akilia, baada ya kugombana na mumewe, hana kosa. Kila mmoja wao anayo siri iliyo safi. Jirani mwema akiwaona huinamisha macho, na kesho haulizi. Wahenga walinena: Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, naye hunyamaza. Chombo hakijui kunyamaza. Hulishika kila jambo mpaka mwenye chombo aamue la kufanya.

Na sisi wa Maniema tunayo sababu yetu wenyewe ya kuliangalia sana jambo hili. Kwanza ni ile dhahabu. Picha zinazoonyesha ni nani aliyeingia katika nyumba ya mnunuzi, saa ngapi, na njia gani aliyoshika alipotoka, zamlinda mnunuzi. Lakini zikiangukia mikononi mwa mwizi, zamwuza mchimbaji. Ulinzi wa mmoja waweza kuwa mtego kwa mwingine.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mji wa Kindu ulitekwa Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata watu wa Maniema waliishi kati ya askari wa RCD na wapiganaji wa Mai-Mai. Kila upande uliwashuku raia kwamba wausaidia upande mwingine. Wakati kama huo neno moja tu, “Nilimwona akipita kule,” laweza kumpoteza mtu. Aliyewapa maji askari wenye kiu alifanya hivyo kwa hofu au kwa huruma. Lakini nani atakayeulizwa sababu, ikiwa picha imekwisha kuonyesha kibuyu mkononi mwake? Watu wengi huokoka wakati wa vita kwa sababu jirani amesahau alichokiona, au amechagua kusahau. Tusiwe wepesi kukiweka barazani chombo kisichoweza kuchagua hivyo.

Tena wazee wa Kirega walikuwa na fundisho juu ya kuona. Katika Bwami, sanamu na vinyago vya pembe na vya mti havikuwekwa mbele ya kila jicho. Vilitolewa wakati wake, kwa aliyefikia daraja yake, na pamoja navyo yalitolewa maneno ya kumfundisha. Serikali ya Kibelgiji iliupiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vitu vingi vya namna hiyo leo vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, ambako kila apitaye huvitazama. Hatusemi kwamba barabara ni kama kinyago. Twasema tu kwamba babu zetu walijua jambo moja: kuona ni namna ya kupewa, na aliyepewa ana wajibu.

Basi tufanyeje? Hatuwezi kukataza kamera, wala haifai. Picha ile ile imfunuayo mwizi yaweza pia kumwokoa asiye na hatia, wakati umati umekwisha kuokota mawe. Lakini mwenye kamera na ashike mambo machache. Ageuze chombo chake kielekee mlango wake na ua wake, na barabara ionekane kidogo iwezekanavyo. Dirisha la jirani lisionekane kabisa. Awaambie majirani kabla ya kukibandika, na aandike kibao mlangoni ili apitaye ajue. Aizime sauti. Abadili neno la siri lililotoka kiwandani, maana wajanja hulijua. Asiweke picha miezi na miezi. Siku chache zatosha kujua kama pameibiwa. Na likitokea jambo, picha zipelekwe kwa polisi au kwa hakimu, zisisambazwe katika simu za watu.

Jirani anayeona vibaya naye asianze na mawe wala na matusi. Na aende kwanza kwa mwenye kamera, amwombe aonyeshwe kile kinachoonekana. Mara nyingi kamera hugeuzwa kidogo tu na ugomvi ukaisha. Isipowezekana, kuna mkubwa wa mtaa na kuna wazee; baada yao kuna sheria.

Nanyi wanafunzi, msifikiri kwamba habari hii ni ya wenye nyumba kubwa tu. Kamera iliyo mfukoni mwenu huiona barabara zaidi kuliko ile ya ukutani. Pikipiki ikianguka, wako wanaokimbilia simu kabla ya kumwinua aliyeumia. Mwenye wazimu akipita uchi, wako wanaompiga picha badala ya kumfunika kitambaa. Katika katekisimu mmefundishwa kwamba jina jema la jirani ni mali yake, na amwibiaye jina ni mwizi kama amwibiaye mbuzi. Mbuzi aweza kurudishwa. Picha iliyokwisha kwenda katika simu elfu hairudi.

Macho hayana pazia, ni kweli. Lakini wazee waliosema hivyo ndio waliotufundisha pia kubisha hodi na kungoja tuitikiwe. Jirani anayetaka kuibandika kamera yake kesho asubuhi, leo jioni na apite nyumba kwa nyumba, abishe hodi.