Diski ya Ustadha: Habari ya Kipakatalishi Kikongwe Huko Kericho

Tulipofika Kericho mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Huko hilo si jambo la kutajwa: asubuhi jua, alasiri mvua, na majani ya chai hayakosi kuchipua. Sisi wa pwani tulijitanda mitandio miwili miwili, tukasogea karibu na jiko, tukamsikiliza mwenyeji wetu, jamaa yetu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Tulikwenda kumjulia hali tu. Hatukujua kwamba siku mbili zingepita juu ya habari ya kipakatalishi.

Mwenyeji wetu ni ustadha. Huwasomesha watoto wa mtaa, wengi wao wa jamii ya Wanubi, ambao wazee wao walikuja Kenya wakiwa askari wa Waingereza. Kipakatalishi chake kilikuwa na umri wa miaka 11. Ukikiwasha, ungeweza kupika chai ya maziwa ya watu kumi na kuimimina kabla hakijafunguka. Wiki ile kilizidisha jambo jipya: kilitoa sauti ndani yake, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyokwama, kisha kikanyamaza.

Tulimuuliza kuna nini humo. Akahesabu kwa vidole: majina ya wanafunzi na hesabu za ada; picha za harusi za binti zake wawili, zilizopigwa ukumbini mwa wanawake ambamo hakuingia mwanamume; na sauti ya marehemu mumewe akisoma Suratu Yaasin, iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla hajafariki. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Alikuwa amekwisha kukipeleka kwenye duka moja la ufundi. Akaambiwa akiache siku tatu, arudi. Alikichukua akarudi nacho nyumbani. "Nikikiacha huko, binti zangu watatazamwa," alisema. "Afadhali zipotee." Kisha akanyamaza, kwani sauti ya mumewe nayo ingepotea pamoja nazo.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Diski ya zamani ni sahani ngumu zinazozunguka ndani ya kisanduku cha chuma, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi. Juu ya sahani huelea kichwa kinachosoma na kuandika, kikibebwa na hewa nyembamba mno, nyembamba kuliko unene wa unywele. Kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya namna hii mwaka 1956, chombo kizima kilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na picha mbili tatu za simu ya leo zingekijaza. Majirani walidhani baridi na urefu wa milima ndivyo vilivyoiua diski ya ustadha. Sivyo. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na diski nyingi hutengenezwa kustahimili hadi karibu mita 3,000. Umri, mitikisiko, na umeme unaokatika ghafla kila radi ikipiga: hivyo ndivyo vilivyotosha.

Dada zetu, mkiisikia sauti ile ya tik tik, zimeni mara moja. Kila kuwasha huongeza jeraha. Wala msiifungue diski yenyewe, kwani chembe moja ya vumbi yatosha kuikwaruza. Kuna waliosikia kwamba huponywa kwa kuwekwa kwenye friji. Huo ni uzushi, na Kericho isingehitaji friji.

Faraja ilitoka upande wa Bomet. Mama mmoja muuza mboga alimtaja binti wa Kikipsigis, mtoto wa mkulima wa chai, aliyesomea ufundi wa tarakilishi na kununua vifaa vyake vya kwanza kwa fedha za bonasi ya babake. Alikuja siku ya pili, viatu vikiwa na matope mekundu, akavivua mlangoni bila kuambiwa. Hakuomba kuondoka na kitu. Aliketi mkekani mbele ya ustadha na kufanya kazi yake hapo hapo.

Alitoa betri kwanza, akafungua skrubu za chini kwa bisibisi ndogo ya nyota, akaichomoa diski na kuiunganisha kwa kebo kwenye kipakatalishi chake mwenyewe. Upande wa pili alichomeka diski mpya ya nje, mali ya ustadha, ili nakala zisipitie mahali pengine. Kisha akauliza, "Mama, tuanze na kipi?"

Swali hilo ustadha hakulitarajia. Diski inayokufa huenda isimalize safari, na kinachotangulia ndicho chenye matumaini. Alifikiri kwa muda. "Sauti, mwanangu. Kisha majina ya watoto. Picha mwisho."

Binti yule alinakili mafaili kwa majina yao tu, bila kufungua hata moja. Umeme ulikatika kati ya kazi. Kipakatalishi chake kiliendelea kwa betri, nasi tukakaa gizani tukiutazama mstari mdogo ukisogea. Sauti ilipita. Majina yakapita. Picha za binti mdogo zikapita zote. Za binti mkubwa zilifika kama nusu, diski ikalia mara tatu, isiamke tena.

Kuweka diski mpya kulikuwa kazi nyepesi. Ilikuwa ya aina isiyozunguka, ambayo mafundi huiita esi-esi-di. Haina sahani wala kichwa. Ilikuwa na unene wa milimita 7, ya zamani 9.5, kwa hiyo iliongezewa fremu ya plastiki isichezecheze. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kipakatalishi kile hakikuwa na uwezo wa kupokea toleo lililofuata, basi akakitia Linux Mint, isiyolipiwa. Kikafunguka kabla maji hayajapata moto. Bei ya kazi yote ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kipakatalishi kipya.

Ikabaki diski iliyokufa. Wengi huitupa au kumwachia fundi, wakidhani kilichofutwa kimetoweka. Kufuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Na diski isiyowaka kwako huenda ikafunguliwa na mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Kwa ustadha kulikuwa na jambo jingine: humo mlikuwa na majina ya watoto wa watu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data humtaka mwenye kuweka taarifa za wengine azihifadhi. Binti wa Bomet alishauri itobolewe kwa keekee hadi kwenye sahani zake.

Ustadha aliitwaa mkononi, akaigeuzageuza. Mtaalamu yule yule angeweza pia kuziokoa picha zilizobaki. Alisema picha zile si zake peke yake. Mwenyewe yuko Mombasa, atakuja baada ya Idi, na yeye ndiye atakayeamua kama itobolewe au ipelekwe Nairobi. Akaifunga ndani ya leso, akaitia sandukuni, akafunga kwa ufunguo.

Usiku ule, kabla ya kulala, tulimsikia chumbani kwake akiifungua ile Yaasin, kwa sauti ya chini.