Takrima: Tasfida Isiyotaja Kitu

Tasfida nyingi za rushwa katika Kiswahili, kama vile chai na kitu kidogo, hutaja kitolewacho na kukipunguza ukubwa. Takrima ni ya namna nyingine: hutaja uhusiano. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu na maana ya ukarimu, lilipewa vifungu vilivyoongezwa katika Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000, vilivyomruhusu mgombea kuwakirimu wapigakura. Ajabu ni kwamba mgombea ndiye aliyewafuata watu kwao. Mgeni akageuka mwenyeji. Tena, kwa mantiki ya neno hilo, anayekataa si mwadilifu bali ni mkosefu wa adabu. Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Neno lenyewe halikuwamo katika mamlaka yake.