Picha ya Mbao: Panga Kazi Kabla ya Kushika Msumeno



Fundi seremala akimaliza kutengeneza kitanda au mlango, vipande vya mbao hubaki chini. Wengi wetu hapa Makole huvipeleka jikoni vikawa kuni. Lakini vipande hivyo vinaweza kuwa picha ya kutundika ukutani, na picha huuzwa.

Picha hiyo haipakwi rangi. Rangi ni ya mbao zenyewe. Mpingo ni mweusi, mninga ni wa kahawia, mkangazi una wekundu, na paini ina weupe. Vipande hukatwa, huchongwa, kisha hupangwa pamoja na kugundishwa juu ya ubao mwembamba.

Kazi ya kupamba kwa vipande ni ya zamani. Mafundi wa Lamu na Unguja walitia vipande vya pembe au mfupa katika viti vya enzi. Huko Italia, katika karne ya 15, mafundi walipamba chumba cha mtawala wa mji wa Urbino kwa picha za vipande vya mbao.

Kosa langu

Mara ya kwanza mimi nilijaribu kutengeneza ng'ombe chini ya mbuyu. Nilikata vipande, nikavigundisha siku hiyo hiyo, halafu ndipo nikaanza kuchonga. Patasi haikuweza kuingia pembeni. Mguu wa nyuma ukawa juu kuliko tumbo! Mninga niliounua kwa fedha zangu ukaharibika. Majuto ni mjukuu. Basi, fuata utaratibu huu:

1. Chora na uandike namba. Chora picha nzima kwenye karatasi. Jiulize: kitu gani kiko mbali na macho yangu? Kilicho mbali kabisa kipe namba 1. Katika picha yetu, mbingu ni 1, mlima ni 2, mbuyu ni 3, miguu ya ng'ombe ya upande wa pili ni 4, tumbo ni 5, miguu ya upande wetu ni 6, kichwa ni 7, na pembe ni 8. Hapa ndipo tunapoona faida ya kujua kuandika. Namba zitakuongoza mpaka mwisho.

2. Weka mishale. Onyesha nyuzi za mbao zielekee wapi. Katika mguu au pembe, nyuzi zifuate urefu. Zikikatiza, kipande kitavunjika.

3. Kata. Anza na kipande kikubwa, yaani tumbo. Kisha kiweke juu ya ubao wa kipande jirani, uchore ukingo wake kwa penseli kali. Hivyo vitakutana vizuri. Msumeno usimame wima. Ukiinama, utakapochonga utaona ufa. Pembe ni nyembamba. Kata upande wake wa ndani kwanza, wakati bado imeshikwa na ubao mpana.

4. Chonga kwa kufuata namba. Punguza namba 1 iwe chini kuliko zote. Kisha endelea na 2 na 3. Ukimaliza namba 4, iweke kando ya tumbo. Piga mstari wa penseli kwenye ubavu wa tumbo, usawa wa mguu ulipofika. Sasa unajua: ukichonga tumbo usishuke chini ya mstari huo. Ukishuka, mguu wa mbali utakuwa mbele ya tumbo. Fanya hivyo kwa kila kipande na jirani yake.

5. Piga msasa, kisha gundi. Panga vyote bila gundi kwanza. Vitazame kwa mbali. Ukiridhika, gundisha. Gundi ni kazi ya mwisho, maana ikikauka hakuna kurudi nyuma.

Tahadhari

Vumbi la mbao linadhuru mapafu. Funika pua na mdomo, fanyia kazi nje. Tena usikate mpingo msituni kwa ajili ya picha. Mti huo hukua polepole sana, na kuuvuna kunahitaji kibali. Omba mabaki kwa wachonga vinyago.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tunachonga kilicho mbali kwanza?
2. Mstari wa penseli unatusaidia nini?
3. Mabaki ya mbao kijijini kwenu yanatumiwaje?