Kuugua na Kuuguza: Maana ya Huruma Kitandani pa Mgonjwa

Neno la Kiingereza compassion lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kuteseka pamoja na mwingine. Katika shina lilo hilo limechipuka neno patient, yaani mgonjwa: mwenye kuvumilia mateso. Kiswahili nacho kina undugu wa namna hiyo. Mwenye maradhi huugua, anayemhudumia humuuguza. Vitenzi hivyo ni vya shina moja, hivyo muuguzi hatengwi na mgonjwa hata kwa jina.

Lugha hiyo hiyo inatoa onyo. Kumwonea mtu huruma ni wema; likiondolewa neno huruma, hubaki kumwonea, yaani kumdhulumu. Wodini, mambo hayo mawili hutenganishwa mara nyingi na sauti tu ya mhudumu.

Chukua mfano wa mama aliyetoka kijiji cha Handeni na kumfikisha mwanawe hospitalini Korogwe. Mtoto ana homa kali na amepata degedege. Kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba degedege huletwa na mashetani, huenda alipitishwa kwanza kwa mganga. Mama akipokewa kwa karipio, "Mbona umechelewa?", atanyamaza, au atasema homa imeanza asubuhi hiyo. Daktari hatajua degedege limerudi mara ngapi, mtoto amenyweshwa dawa gani, wala tangu lini hajanyonya. Ilhali majibu hayo ndiyo yanayosaidia kutambua malaria kali, na kushuka kwa sukari katika damu, hali inayoweza kuua kwa muda mfupi.

Mama huyo akiambiwa, "Pole, mama, umefanya vyema kuja," na inapowezekana akasemeshwa kwa Kizigua au Kisambaa alichokulia, ni rahisi zaidi kusimulia yote. Neno pole halimalizi hata nusu dakika ya zamu, nalo humfungulia tabibu mlango wa historia ya ugonjwa. Kwa hiyo huruma ni sehemu ya uchunguzi, sawa na kupima joto na damu.

Wazazi nao wakumbuke kwamba kusema kweli mbele ya mhudumu si kujishtaki. Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na awahishwe kituo cha afya kilicho karibu. Aliyempeleka aeleze kila alichopewa mtoto, hata kama kilitoka kwa mganga.