Mswaki wa umeme au wa mkono: Upi unalinda zaidi meno na fizi?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa mwaka 2022 ilionesha kuwa watu wapatao bilioni 3.5, karibu nusu ya wakaazi wote wa dunia, wanaishi na maradhi ya kinywa. Watatu kati ya kila wanne miongoni mwao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako daktari wa meno huonwa pale tu maumivu yanapozidi, na tiba inayopatikana mara nyingi ni kung'oa. Katika mazingira hayo, kinga ya nyumbani ndiyo tegemeo kubwa la familia nyingi.

Ndiyo maana swali la mswaki lina uzito. Mswaki wa umeme, ambao zamani ulikuwa kitu cha nchi tajiri, siku hizi huuzwa katika maduka ya miji mikubwa, na wakati mwingine hufika nyumbani ndani ya begi la ndugu aliyerejea kutoka ughaibuni. Je, anayeendelea kutumia mswaki wa kawaida anajinyima kinga iliyo bora?

Adui ni yule yule

Kila baada ya kula, bakteria waliomo kinywani hujenga utando laini juu ya meno na kandokando ya fizi. Utando huo, unaojulikana kama ukoga, hutumia sukari iliyobaki kinywani na kutoa asidi inayotoboa jino polepole. Ukiachwa bila kuondolewa, hugeuka kuwa ugaga mgumu ambao hakuna mswaki unaoweza kuubandua, uwe wa umeme au wa mkono. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu kwa vifaa maalumu.

Ukoga uliokaa kwenye mpaka wa jino na fizi huufanya ufizi uvimbe, uwe mwekundu na kutoa damu. Katika hatua hii ugonjwa bado unaweza kurudi nyuma kwa usafi mzuri. Usipodhibitiwa, huweza kushuka chini ya fizi na kula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa huo ukishapotea haurudi wenyewe. Hapo ndipo mtu mzima huanza kuona meno yake yakilegea, ingawa hayana hata tundu moja.

Utafiti unasema nini?

Mswaki wa umeme ulibuniwa nchini Uswisi mwaka 1954 na Philippe-Guy Woog, na mwanzoni ulilengwa zaidi kwa wagonjwa na watu wenye ulemavu wa mikono. Leo kuna aina mbili kuu: wenye kichwa cha duara kinachozunguka kwenda na kurudi, na wenye nyuzi zinazotetema kwa kasi kubwa.

Mwaka 2014, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha tathmini ya majaribio 56 yaliyolinganisha miswaki hiyo na ile ya mkono, yakihusisha zaidi ya watu 5,000. Baada ya miezi mitatu ya matumizi, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, wakilinganishwa na waliotumia wa mkono.

Tofauti hiyo ipo, lakini haipaswi kukuzwa. Watafiti hao wenyewe walieleza kuwa haijawa wazi ina maana gani kwa afya ya meno ya muda mrefu. Kupungua kwa ukoga kwa asilimia 21 si sawa na kusema kuwa mtu ataokoa meno kwa kiwango hicho hicho.

Nani hunufaika zaidi?

Sehemu kubwa ya faida ya mswaki wa umeme hutokana na makosa ya mkono wa binadamu. Watu wengi husugua kwa muda mfupi kuliko wanavyodhani, huruka magego ya nyuma, au hukandamiza kwa nguvu. Miswaki mingi ya umeme huhesabu dakika mbili, na baadhi hutoa ishara mtumiaji anapokandamiza kupita kiasi.

Kwa hiyo wanaofaidika zaidi ni wale ambao mkono hauwatii: mzee mwenye ugonjwa wa viungo, aliyepata kiharusi, mtu mwenye ulemavu, na mlezi anayempigia mswaki mgonjwa kitandani. Kwa watu kama hao, kifaa hiki kinaweza kuwa msaada mkubwa.

Kwa wengine, gharama lazima ipimwe. Bei ya mswaki wa umeme ni mara nyingi ya ile ya mswaki wa kawaida, na kichwa chake hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, au mapema zaidi nyuzi zikichakaa. Kabla ya kununua, ni vyema kuhakikisha kuwa vichwa vya kubadilishia vinapatikana karibu, la sivyo kifaa kitaishia kabatini. Umeme unapokatika mara kwa mara, chaji nayo huwa tatizo. Familia inaweza kutumia mpini mmoja, mradi kila mtu awe na kichwa chake.

Mkono unaoijua kazi

Neno mswaki lenyewe lina asili ya Kiarabu na lilihusu kijiti cha kusafishia meno, hasa cha mti ambao wanasayansi huuita Salvadora persica. Vijiti hivyo bado vinatumika hadi leo, na vikitumiwa vyema husaidia kuondoa ukoga.

Kwa mswaki wa mkono, wataalamu wanashauri nyuzi laini. Nyuzi ngumu zikisuguliwa kwa nguvu hulika jino na kusukuma ufizi nyuma. Mswaki huinamishwa nusu kuelekea fizi, kisha huchezeshwa taratibu, jino kwa jino, nje, ndani na sehemu ya kutafunia. Kazi hiyo ichukue dakika mbili, mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Anayetumia wa umeme hana haja ya kusugua. Huusogeza tu kutoka jino moja hadi jingine. Hakuna mswaki unaofika vizuri katikati ya meno yaliyobanana, hivyo uzi wa meno au brashi ndogo bado vinahitajika.

Dawa ya meno nayo isisahaulike. Mwaka 2021, WHO iliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa watu wazima, inayoshauriwa ni yenye floraidi ya kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, huku mtu mzima akimsimamia.

Damu inapotoka

Kosa linalogharimu wengi ni kuacha kupiga mswaki kwa sababu fizi zinatoa damu. Damu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba ukoga umekaa muda mrefu, na kuuacha huzidisha ugonjwa. Panapohitajika ni kusafishwa kwa upole zaidi, kila siku. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, au jino likianza kulegea, muhusika amwone daktari wa meno bila kusubiri maumivu.

Kwa mwenye uwezo wa kununua mswaki wa umeme, ushahidi unaonesha kuwa unasafisha kwa kiasi fulani vizuri zaidi. Asiye nao hajakosa kinga: mswaki laini wa bei nafuu, dawa yenye floraidi na dakika mbili asubuhi na usiku vinatosha kulinda meno na fizi.